Je, wajua kwa nini gitaa la besi huongezewa pikapu isiyo na sumaku?

Bonyeza kiwashio cha jiko la gesi, kile cha kizamani kisichotumia betri. Tak! Cheche inaruka. Umeme huo umetoka wapi? Ndani yake kuna nyundo ndogo inayogonga kipande cha kauri maalumu, na kauri hiyo ikigongwa hutoa umeme. Kauri ya ukoo huohuo, iitwayo piezo, ikiwa imekatwa nyembamba, ndiyo baadhi ya wapiga besi huiweka chini ya nyuzi za gitaa ambalo tayari lina pikapu moja au mbili. Hapa sizungumzii gari la mizigo. Pikapu ya gitaa ni kinasa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Sasa kama kinasa kipo, hicho kingine ni cha nini?

Ni kwa sababu vinasa hivi viwili havisikilizi kitu kimoja.

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukicheza juu yake, huvuruga uga wa sumaku na umeme unazaliwa kwenye waya. Kwa hiyo pikapu hiyo huona chuma tu, tena kile kipande cha uzi kilicho juu yake. Mpe uzi wa nailoni, hasikii kitu. Tena mahali ilipofungwa pana hila yake. Uzi hautetemi kwa namna moja: juu ya nota kuu kuna sauti nyingine nyembamba zinazoandamana nayo, na kila moja ina sehemu za uzi ambazo hazisogei. Ukifunga sumaku kwenye robo ya urefu wa uzi, sauti ya nne katika msafara huo (ukihesabu nota kuu kuwa ya kwanza) haitasikika uzi ukipigwa wazi, kwa kuwa pale juu ya sumaku imetulia tuli.

Piezo haina habari na chuma wala sumaku. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana, na tabia hiyo ilionyeshwa mwaka 1880 jijini Paris na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie: baadhi ya fuwele zikibanwa, chaji ya umeme hujitokeza kwenye nyuso zake. Kwenye gitaa hukaa darajani, ndani au chini ya vile vyuma vidogo vinavyobeba nyuzi. Uzi ukitetema, hukandamiza na kuachia, hukandamiza na kuachia. Kwa vile pale ndipo mwisho wa uzi, hakuna sauti ya msafara inayopita bila kulipa ushuru. Ncha ya kidole inapougusa uzi, ukucha unapokwaruza, kiganja kinapopiga mwili wa gitaa, vyote vinaingia. Ndiyo maana wapenzi wa besi isiyo na freti (vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) huipenda sana: ule mlio wa mbao unaokumbusha besi kubwa ya kusimama unakaribia. Na kuna besi fupi inayoitwa Ashbory ambayo nyuzi zake ni za mpira wa silikoni. Hapo sumaku ingekaa bure kabisa. Piezo ndiyo inayofanya kazi yote.

Hata hivyo, piezo haigeuzi ubao mzito usio na tundu kuwa sanduku la sauti. Anayetaka besi ya kusimama atapata harufu yake, si chakula chenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo linalowashangaza wengi. Mtu ananunua piezo, anaiunganisha moja kwa moja na kitufe cha sauti kilichokuwepo, anapiga uzi mnene wa E, na kinachotoka ni kisauti chembamba kama cha simu. Kinasa cha besi kimeimeza besi! Anadhani ameuziwa kibovu. Sivyo. Piezo hutoa chaji kidogo mno, na chaji hiyo huvuja kupitia ukinzani wa chochote kilichounganishwa nayo. Mtetemo wa haraka humaliza safari kabla chaji haijavuja; mtetemo wa polepole, yaani sauti nzito, hukuta ndoo tupu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ndiye anayeumia.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme piezo ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi 1. Kitufe cha kawaida cha sauti kwenye besi kina ukinzani wa omu 250,000. Kwa vipimo hivyo, sauti zote zilizo chini ya hezi 637 hivi huanza kufifia. Uzi wa E ukipigwa wazi ni hezi 41, na nota ya juu kabisa kwenye besi ya nyuzi 4 na freti 20 ni hezi 311. Maana yake ni kwamba hakuna hata nota kuu moja kwenye gitaa zima inayosalimika, na ile E hubaki na sehemu kama 1 kati ya 15 ya volti yake. Weka mbele yake priampu, yaani kikuza sauti kidogo kinachotangulia amplifaya, yenye ukinzani wa omu milioni 10, mpaka huo unashuka hadi hezi 16, na besi inarudi nyumbani. Kwa hiyo priampu ndogo ya betri ya volti 9 si pambo. Wengine hufunga betri mbili wapate volti 18, kwa sababu kidole kikipiga kwa nguvu, piezo hurusha mlipuko wa ghafla unaoweza kuizidi priampu na kutoa ule mlio mbaya wa bata.

Kazi ya fundi yenyewe si ndefu: kubadilisha vyuma vya darajani, kutoboa tundu jembamba la kupitisha waya, na kuufunika waya huo vizuri kwa kinga, maana hapo kabla ya priampu hudaka mngurumo wa umeme wa nyumba kwa urahisi.

Balaa hubaki kwenye kuchanganya. Ikiwa piezo inasukuma wakati sumaku inavuta, sauti nzito hufutana na vinasa viwili vinasikika vyembamba kuliko kimoja. Fungua vyote sawasawa, piga E, kisha geuza nyaya mbili za pikapu moja tu na upige tena. Mpangilio uliotoa sauti nene zaidi ndio wa kulehemu.