Maana ya mwavi: mti wa sumu uliofanywa hakimu

Mwavi ni jina linalobeba mambo matatu yasiyotenganika kwa urahisi. Kwanza ni mti mkubwa wa jamii ya kunde, pili ni maji mekundu yenye sumu yanayopatikana gome la mti huo likipondwa na kulowekwa, na tatu ni kiapo, yaani jaribio ambalo mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa maji hayo mbele ya watu ili sumu yenyewe iamue kama ana hatia. Akitapika, ameshinda. Asipotapika, hukumu imekwisha kutolewa, na mara nyingi adhabu imekwisha kutekelezwa pamoja nayo.

Mti wenyewe wataalamu wa mimea huuita Erythrophleum suaveolens, na katika vitabu vya zamani Erythrophleum guineense. Unapatikana kuanzia Senegal upande wa magharibi hadi pwani ya Kenya, ukishuka kusini hadi Msumbiji na Zimbabwe, na hupenda kuota kandokando ya mito na pembezoni mwa misitu. Gome lake ni la kukwaruza, maua yake ni madogo na yamebanana katika shuke, na matunda yake ni maganda bapa na magumu. Nduguye mdogo, Erythrophleum africanum, huota katika mapori ya miombo. Gome likitiwa majini hutoa rangi nyekundu iliyokolea, ndiyo sababu Waingereza waliokuwa Sierra Leone walikiita kiapo cha huko kwa jina la maji mekundu.

Maelezo yanayojulikana sana ya kiapo hiki kwa upande wetu wa bara yaliandikwa na David Livingstone katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1857. Anasimulia kwamba kaskazini ya mto Zambezi, mwanamume aliyeshuku kuwa mmoja wa wake zake amemroga alimwita mganga, na wake wote wakatoka kwenda shambani, wakakaa bila kula mpaka dawa ilipokuwa tayari. Kila mmoja alikunywa huku ameinua mkono juu kuthibitisha kwamba hana hatia. Waliotapika walihesabiwa kuwa safi. Waliohara walihesabiwa kuwa wachawi, na hao walichomwa moto. Wale walionusurika walirudi nyumbani na kuchinja jogoo kuwashukuru mizimu waliowalinda. Jambo lililomshangaza Livingstone, na ambalo naona ndilo la kutazamwa zaidi kuliko moto na jogoo, ni kwamba wanawake hao hawakuburutwa kwenda kunywa. Walikuwa na hamu ya kunywa. Mwanamke aliyejua moyoni mwake kuwa hajaroga mtu aliuona mwavi kuwa ndiyo njia ya kulisafisha jina lake, na kwa kuwa kukataa kulihesabiwa kuwa ni kukiri, hakuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo si sahihi kuueleza mwavi kama adhabu ya kifo iliyovikwa nguo ya uganga. Waliouamini waliuona kuwa chombo cha uchunguzi. Mchawi hufanya kazi yake kwa siri, hana shahidi wala haachi alama, na kwa hiyo kesi yake haiwezi kuamuliwa kwa ushahidi wa kawaida. Inahitajika nguvu nyingine inayoona kisichoonekana. Mwavi ulipewa kazi hiyo, nao uliaminiwa kuwa hauwezi kumuua asiye na hatia. Katika sehemu nyingi mshitaki naye alijiweka hatarini, kwa sababu aliyetapika na kupona alistahili kulipwa fidia na yule aliyemsingizia. Sharti hilo liliwafanya watu wafikiri mara mbili kabla ya kumtaja jirani.

Jinsi sumu hii inavyofanya kazi mwilini sasa inajulikana vizuri. Gome lina alikaloidi kadhaa, yaani kemikali kali za mimea, mojawapo ikiitwa kasaini, ambazo huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu, yaani njia ya seli ya kusukuma chumvi hizo kupitia kuta zake. Ni njia ileile inayotumiwa na digoksini, dawa ya moyo inayojulikana hospitalini. Pampu ikizuiwa, kalisi hujikusanya ndani ya misuli ya moyo, moyo hupiga kwa nguvu zaidi, kisha hupoteza mpangilio, na mwishowe husimama. Lakini sumu hiyohiyo huchochea pia kutapika kwa nguvu. Yanatokea basi mashindano kati ya tumbo linalojitahidi kuitoa sumu na damu inayoichukua. Tumbo likitangulia, mtu anaishi. Damu ikitangulia, anakufa.

Hapo ndipo wengine hupata maelezo ya kuvutia. Husemwa kwamba mtu asiye na hatia hunywa kwa ujasiri, kwa mkupuo mmoja, tumbo likashtuka na kutapika, ilhali mwenye hatia hunywa kidogokidogo kwa woga, tumbo likanyamaza na sumu ikaingia mwilini taratibu. Kama ni hivyo, mwavi ulikuwa unapima kweli kitu fulani, yaani utulivu wa dhamiri. Mimi sioni kwamba maelezo hayo yanatosha. Yanadhani kwamba mtu asiye na hatia haogopi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimama mbele ya umati unaomshuku atalikataa, na pia yanamsahau mtu muhimu kuliko wote katika kiapo hicho, naye ni yule aliyepika dawa. Nguvu ya gome hutofautiana kati ya mti na mti, tena hutegemea kiasi kilichopondwa na muda lilivyolowekwa. Aliyejua tofauti hizo alikuwa na uwezo wa kuandaa kikombe cha kutapisha au kikombe cha kuua, na hakuna aliyekuwa akimkagua. Kemia inatueleza mwavi uliuaje. Kueleza ni nani aliyeuawa, na kwa nini ni yeye, kunahitaji kumtazama mganga, mfalme au mzee wa mji aliyemwita mganga huyo, na ugomvi uliokuwapo kabla ya kikombe kuletwa.

Baadhi ya watu walitafuta namna ya kupunguza hatari. Livingstone anaandika kwamba Walozi, watu wa magharibi mwa Zambia ya leo, walimnywesha dawa jogoo au mbwa badala ya mtuhumiwa, wakatazama mnyama anafanya nini. Wazande, walioko leo kwenye mipaka ya Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliuendeleza utaratibu huo mbali zaidi, ingawa sumu yao ni nyingine. Wao walitumia benge, unga mwekundu utokanao na mmea wa kutambaa wa msituni, na waliwalisha vifaranga huku wakiiuliza benge swali. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi nao katika miaka ya 1920, alieleza kwamba jibu la kuku mmoja halikutosha. Lilipaswa kuthibitishwa kwa kuku wa pili, na safari hii swali liligeuzwa, kiasi kwamba kama kuku wa kwanza amekufa, wa pili lazima apone ili jibu lishike. Wote wawili wakifa, au wote wakipona, jibu halikukubaliwa. Huo ni utaratibu makini wa kupima kipimo chenyewe, na unaonyesha kwamba imani katika sumu haikuwa lazima iwe imani ya upofu.

Si kila kiapo kilihitaji sumu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa katika miaka ya 1840, aliandika habari za viapo vya Wamijikenda, vikiwemo cha shoka lililopashwa moto, cha sindano na cha kipande cha mkate. Kisiwani Madagaska, kwa upande mwingine, sumu ilitawala. Huko mtuhumiwa alimezeshwa vipande vitatu vya ngozi ya kuku pamoja na kokwa ya mti wa tangena, na alitakiwa avitapike vyote vitatu. Katika enzi ya Malkia Ranavalona wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1828 hadi 1861, kiapo hicho kilitumika kwa wingi wa kutisha, kikaja kupigwa marufuku mwaka 1863.

Sumu ya kiapo iliyofika mbali kuliko zote katika tiba ya hospitali inatoka Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Waefiki waliiita esere, nayo ni mbegu ya mmea unaoitwa Physostigma venenosum. Wamisionari wa Kiskoti walipeleka mbegu hizo Edinburgh, na mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa tiba, aliamua kuila yeye mwenyewe. Alipoona kichwa kinazunguka na viungo vinalegea, alikunywa maji aliyokuwa ametumia kunyolea ndevu ili atapike, akapona kwa kanuni ileile ya Calabar, kwamba anayetapika huishi. Mwaka 1864 wanakemia wa Kijerumani walitenga kiini chake, fisostigmini, na katika miaka ya 1870 Ludwig Laqueur alianza kuitumia kupunguza presha ya jicho kwa wagonjwa wa glakoma, ugonjwa aliokuwa nao mwenyewe. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko Greenwich, London, aliitumia kurudisha nguvu za misuli kwa mgonjwa wa mayasthenia, ugonjwa unaolegeza misuli. Mwaka uliofuata Percy Julian, mwanakemia Mmarekani mweusi, aliitengeneza maabara bila mbegu. Mwavi haukupata bahati kama hiyo, kwa kuwa kazi ambayo ungeweza kuifanya ilikwisha kushikwa na digitali, yaani dawa za moyo za jamii ya digoksini, na umbali kati ya kiasi cha kutibu na kiasi cha kuua ni mdogo mno.

Serikali za kikoloni zilikipiga marufuku kiapo hiki mapema. Sheria ya uchawi ya Nyasaland, Malawi ya leo, ya mwaka 1911 ilizuia kesi za mwavi na viapo vya namna hiyo, na ikafanya pia kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Watu wengi waliielewa sheria hiyo kinyume na ilivyokusudiwa: kwao serikali ilikuwa imemnyang'anya mwanakijiji silaha na kumwachia mchawi uwanja. Pengo hilo lilizibwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na vijana waliotoka Nyasaland wakiwa wamevaa mavazi ya Kizungu, wakapita kijiji kwa kijiji hadi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa. Waliwapanga wanakijiji mstari, wakawatazama kwenye kioo kidogo, na waliodhaniwa kuwa wachawi wakatakiwa kusalimisha pembe na hirizi zao, kisha wakanyweshwa mchape, dawa nyekundu yenye povu kama sabuni. Mchape haukumuua mtu papo hapo. Ilisemwa kwamba utamuua baadaye, iwapo ataurudia uchawi. Rangi ya mwavi ilibaki na tishio lake likabaki, ila kifo kiliahirishwa, na serikali haikupata maiti ya kuifungulia kesi.

Gome la mwavi bado hutumiwa na waganga katika nchi kadhaa kwa maumivu na kwa kutapisha, na wavuvi wa mitoni wamelitumia kulevya samaki. Ni matumizi ya hatari, maana hakuna jikoni panapoweza kupima nguvu ya gome moja dhidi ya jingine. Biashara kubwa ya mti huu sasa iko kwenye mbao. Nchini Msumbiji mti huu huuzwa kwa jina la missanda, na nchini Kamerun na Gabon kwa jina la tali, na unasifiwa kwa ugumu wake na kwa kutoliwa na mchwa upesi. Mafundi wanaoupasua hufunga pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake huwasha koo na kuwapigisha chafya.