Ukiritimba: mnunuzi akibaki mmoja

Ukiritimba ni biashara nzima kushikwa na mtu au kampuni moja. Wengi huuona dukani tu: muuzaji ni mmoja, bei anapanga anavyotaka. Sisi wa Lubumbashi, tunaoishi kwa madini, tuutazame pia kutoka shimoni, ambako aliye mmoja ni mnunuzi. Huko ndiko unakouma zaidi.

Almasi inaonyesha vizuri. De Beers, kampuni iliyoanzishwa na Cecil Rhodes Afrika Kusini mwaka 1888, kwa miaka mingi ya karne ya 20 ilidhibiti zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya almasi ghafi duniani. Mawe yalikusanywa London, na soko likilegea yalifungiwa stoo ili bei isishuke. Wanunuzi wachache walioteuliwa waliitwa mara 10 kwa mwaka, kila mmoja akawekewa boksi lililokwisha kupangwa na kutiwa bei. Hakuna kuchambua. Unachukua boksi zima au unaliacha, na ukiliacha huna hakika ya kuitwa tena.

Nchi yetu ilijaribu kujitoa. Mwaka 1981 Rais Mobutu aliamua Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iuze yenyewe almasi za Mbuji-Mayi, nyingi zikiwa za viwandani, yaani za kukatia na kusagia, si za vito. Bei ya mawe ya aina hiyo ikaporomoka, na mwaka 1983 tukarudi kwa De Beers. Mwenye stoo iliyojaa anaweza kungoja, serikali yenye mishahara ya kulipa haiwezi. Mwaka 2000 Rais Laurent Kabila akaipa kampuni moja ya Israeli, IDI, haki ya pekee ya kusafirisha almasi za Kongo. Wafanyabiashara wakavusha mawe kwa magendo hadi Brazzaville, na mwaka 2001 mpango ukafutwa.

Na maadili? Tangu 2003 kuna cheti cha Kimberley. Kinathibitisha kwamba jiwe halikugharimia vita vya waasi dhidi ya serikali, basi. Mchimbaji alilipwa kiasi gani, cheti hakiulizi. Mwaka 2004 De Beers ilikiri kosa mahakamani Marekani, la kupanga bei ya almasi za viwandani, ikatozwa faini ya dola milioni 10. Kosa hilo cheti hakikuundwa kulikamata.

Ndiyo maana nina wasiwasi na kobalti, madini ya kutengenezea betri. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya EGC, chini ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kuipa haki ya pekee ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wadogo. Sababu zilizotolewa ni nzuri: kuwatoa watoto migodini, na kujua kila gunia limetoka wapi. Lakini tazama biashara inavyokwenda pale wanunuzi wanapokuwa wengi, kwenye depo za Musompo, karibu na Kolwezi. Mchimbaji anashusha magunia, mnunuzi anaelekeza metorex, mashine ya mkononi ya kupimia, kwenye madini, asilimia inasomwa, bei inatajwa. Akihisi kapunjwa, anabeba mzigo kwenda depo ya jirani. Hiyo ndiyo nguvu yake yote.

Mnunuzi akiwa mmoja, depo ya jirani haipo. Kwa hiyo popote mnunuzi mmoja anapopewa haki hiyo, bei ya kila asilimia ibandikwe mlangoni kila asubuhi, metorex na mizani vikaguliwe na mtu asiyelipwa na mnunuzi, na ushirika wa wachimbaji uwe na mashine yake ya kupimia.