Dawa hii umeulizwa? Maswali ya wazee wa Pemba

Maswali haya hutufikia kila tunapogawa dawa ya kichocho maskulini na kusema kwamba mgonjwa naye aulizwe dawa inapotengenezwa na kuidhinishwa.

Mimi si daktari. Niulizwe nini kuhusu dawa?

Uulizwe unachokijua kuliko daktari: kuishi na maradhi na kuinywa hiyo dawa. Chukua kichocho, kinachowakojoza damu watoto wetu. Dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo vizuri. Lakini kidonge ni kikubwa, na uchungu wake haufichiki. Mtoto hukisukumia shavuni, mwalimu akigeuka, kinatemwa. Kwa wadogo ndiyo tabu zaidi: kidonge kipondwe, kikorogwe, na mtoto akishanywa atapike. Dawa iliyotemwa haimtibu mtu, hata kama maabara imeisifu.

Ndiyo maana ilipotengenezwa arprazikwanteli, dawa mpya ya kichocho ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, ladha nayo ilipimwa. Tanzania Bara, watoto wa miaka 6 hadi 11 walisukutua dawa ya zamani na mpya, wakatema, wakaeleza ipi afadhali. Kidonge kipya ni kidogo na huyeyuka majini. Desemba 2023 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali.

Na wanaoidhinisha dawa, wanamsikiliza mgonjwa?

Wapo wanaomsikiliza. Marekani, mwaka 2005, natalizumabu, dawa ya maradhi ya neva yaitwayo multipo sklerosisi, iliondolewa sokoni baada ya baadhi ya watumiaji kupata maambukizi hatari ya ubongo. Machi 2006 wagonjwa walisimama mbele ya kamati ya wataalamu wakasema hatari hiyo wanaijua, ila kupoteza uwezo wa kutembea ni kuzito zaidi kwao. Juni mwaka huo ikarudishwa, kwa masharti makali.

Kwa hiyo tukiitaka dawa, ipitishwe tu?

Hapana. Kuitaka dawa si ushahidi kwamba inatibu. Hilo huthibitishwa kwa majaribio. Mgonjwa anachokisema ni madhara gani yuko tayari kuyavumilia, na kwa faida ipi. Wala wagonjwa hawafanani. Mwenye kisukari mmoja atachagua sindano ya mara moja kwa wiki aepukane na vidonge vya kila siku. Mwengine anaufikiria mwezi wa Ramadhani: dawa ipi haitamshusha sukari alasiri naye amefunga? Kwa maoni yangu swali hilo lina uzito sawa na kipimo chochote cha damu, na asiyefunga hawezi kulikumbuka asipoambiwa.

Nikitakiwa kushiriki utafiti?

Taka fomu ya ridhaa usomewe kwa Kiswahili unachokielewa, na uulize kama kamati ya maadili imeuruhusu. Kukataa ni haki yako, na matibabu yako ya kawaida hayakatwi kwa hilo.

Dawa ikikudhuru, sema kituo cha afya au Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Na ukimuona mwanao anatema kidonge, usimsitiri kwa kuona haya. Mwambie aliyekigawa, aandike.