Si kila nyuki ana mzinga

Ukimuuliza mtu nyuki wanaishi wapi, atakwambia mzingani. Kwa nyuki wa asali, sawa. Lakini duniani zimeshatambuliwa aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, wala hawaweki asali ya kurina. Kila jike hujijengea mwenyewe, mara nyingi ardhini.

Mdogo kupita kiasi ni yule anayeitwa kitaalamu Perdita minima, wa majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani. Urefu wake haufiki milimita 2. Juu ya punje moja ya mchele wanapanga foleni watatu. Wakikusanywa 3,000 ndio kwanza inapatikana gramu moja. Jike huchimba kijishimo mchangani, hukusanya chavua, huilowesha kwa nekta, huifinyanga kidonge na kutaga yai juu yake. Akishaziba, huyo, anakwenda zake. Mtoto atakula kidonge hicho bila kumjua mama. Maua anayoyategemea ni ya vijimea vinavyotambaa chini, jamaa za mziwaziwa tunaoung'oa uani kila siku.

Huyo kwetu Zanzibar hayupo, msije mkamtafuta kwenye mchanga wa Paje. Lakini nyuki wapweke tunao. Yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za banda, ambaye wengi humfukuza kwa moshi, ndiye anayetuzalishia pasheni. Ua la pasheni ni kubwa. Nyuki wa asali hupita chini ya chavua, yeye mgongo wake unaigusa. Mabilingani nayo yamefungia chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na haimwagiki vizuri mpaka nyuki alikumbatie ua alitetemeshe kwa mvumo wa kifua. Tungule pia hupenda mtikiso huo, ingawa upepo huzisaidia. Nyuki wa asali kazi hiyo haiwezi. (Karafuu haina dhiki hii: tunaichuma ingali tumba.)

Basi ukiona vitundu vyembamba kwenye mchanga pembeni mwa konde, kila kimoja na kichuguu chake cha udongo mbichi, usimwage mafuta ya taa. Nyuki hawa hawana mzinga wa kuulinda, kwa hiyo si wakali, na dume hana mwiba kabisa. Dawa ya wadudu, ikibidi, ipigwe jioni wakishaacha kutembelea maua. Na hatua mbili tatu za ardhi tupu ziachwe bila jembe wala saruji, maana wengi wao hurudi kuchimba pale pale walipozaliwa.