Je, wajua kwanini batani za kwenye kioo zinakuponyoka hata kama simu yako ni kali?

Anayecheza PES, ile gemu ya mpira, kwenye simu kupitia PPSSPP, programu inayoiga mashine ya gemu ya PSP, anaijua hii. Mpira uko ndani ya boksi, kipa kashatoka, unabonyeza batani ya mraba upige shuti, mchezaji anatoa pasi. Picha haijakwama, sauti iko sawa, RAM ipo ya kutosha, sasa shida nini? Jibu ambalo karibu kila mtu atakupa ni kwamba simu haina nguvu, tafuta simu ya gemu. Mtu anajichanga, anauza aliyonayo, anaongezea hela anachukua yenye prosesa kubwa, na shuti bado linageuka pasi.

Hili la nguvu ya simu inabidi lifunguliwe vizuri maana linawatoa watu hela bure. Simu ikizidiwa na gemu dalili zake zinajulikana, picha inakatakata, sauti inakwaruza, simu inachemka, wachezaji wote wanaganda kwa pamoja halafu wanaruka mbele. Kila kitu kinachelewa kwa wakati mmoja kwasababu prosesa ndo inayochora kila kitu. Batani ikikuponyoka hali ni tofauti kabisa, picha inateleza vizuri tu ila agizo lililofika kwenye gemu sio lile ulilotaka, na simu imelitekeleza hivyo hivyo lilivyofika. PSP yenyewe ilitoka Japani Desemba 2004 ikiwa na RAM ya MB 32, simu ya kawaida ya leo inaipita mbali sana. Ni kweli kuiga mashine nyingine kunakula nguvu kuliko mashine yenyewe, na simu za chini kabisa zinaweza kukwama kwenye gemu nzito, ila hiyo ni kesi nyingine na dalili zake nimeshazitaja.

Wengine wanaamini dawa ni kubonyeza kwa nguvu. Hii nayo ina historia yake, kioo cha Nintendo DS, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 2004, kweli kilikuwa kinataka ukibonyeze, kilikuwa na tabaka mbili na mguso unasomeka pale zinapogusana, ndo maana ile mashine ilikuja na kijiti chake. Kioo cha simu za sasa hakihitaji nguvu yako. Tena ukibonyeza sana unaharibu zaidi, maana gumba linalala, linatanuka, na katikati yake inahama. Hapo kwenye katikati ndo penye jibu lote.

Kioo hiki kinafanya kazi kwa chaji ya umeme. Ndani yake kuna wavu wa mistari ya kitu angavu kinachopitisha umeme, mara nyingi ni oksidi ya indiamu na bati, mistari mingine imelala na mingine imesimama, na kila inapokutana kuna chaji kidogo sana imekaa. Mwili wa binadamu unapitisha umeme kwahiyo kidole kikifika pale chaji ya hayo makutano inapungua, na kuna chipu kazi yake ni kuzunguka kuyapima makutano yote, mara 60 au 120 kwa sekunde, kwenye simu za gemu mara 240 na zaidi. Wazo lenyewe ni la zamani, E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada kule Malvern, Uingereza, aliliandika mwaka 1965 akiwafikiria waongozaji wa ndege. Ndo maana pia kucha haifanyi kazi na glovu ya kawaida haifanyi kazi, na tone la jasho au la maji linaweza kusomeka kama kidole.

Sasa gumba lako kwenye huo wavu halionekani kama gumba, linaonekana kama doa la makutano kadhaa yaliyopungukiwa chaji. Chipu inapiga hesabu ya katikati ya doa hilo, halafu inaipelekea gemu nukta moja. Moja tu. Kwa hiyo gumba linaweza kuwa limeufunika mraba na msalaba (batani ya X, ya pasi) kwa pamoja lakini gemu inaambiwa nukta moja, ikiangukia upande wa msalaba hiyo ni pasi, ikiangukia kwenye nafasi kati ya batani mbili hakuna kinachotokea kabisa. Kwenye pedi ya kweli gumba moja linalalia batani mbili na zote zinaingia, wakali wa PS wanaviringisha kidole tu kutoka moja kwenda nyingine. Kioo kinaweza kusoma vidole vingi kwa wakati mmoja, hiyo iko vizuri, ila kidole kimoja ni nukta moja.

Halafu kuna kosa lingine juu ya hilo, na hili mimi ndo linanivutia kuliko yote. Watafiti wawili wa Ujerumani, Christian Holz na Patrick Baudisch, walipima mwaka 2010 na 2011 watu wanalengaje kwa kidole, wakakuta mtu analenga kwa kuangalia alama za juu ya kidole kama kucha, wakati kioo kinahisi nyama ya chini. Kati ya hizo mbili kuna umbali, na umbali huo unabadilika kulingana na kidole kimeinamaje na ni kidole cha nani. Yani kioo na wewe mnakubaliana kuhusu siku na saa lakini hamkubaliani kidole chako kiko wapi, na wote mna sababu zenu.

Lakini kwanini basi mwanzo wa mechi unabonyeza vizuri tu, dakika ya 20 ndo mambo yanaanza kuharibika? Fikiria umeamka usiku, chumba kina giza, unatafuta swichi ya taa. Unapapasa ukuta mpaka mkono unakutana na ukingo wa swichi, na kabla hata hujaibonyeza ushajua uko penyewe, ukiwa pembeni kidogo ule ukingo unakwambia sogea kulia. Sasa swichi hiyo hiyo iwe imechorwa kwa rangi tu kwenye ukuta laini. Mchana taa ya nje ikiingia utaigusa bila shida. Usiku utaenda kwa kumbukumbu, mara ya kwanza utapata, mara ya pili utakuwa umepishana nayo kidogo, na kwa vile ukuta haukuambii kitu mara ya tatu unaanzia pale ulipokosea, kosa linaongezeka juu ya kosa. Ukicheza mpira macho yako yako kwa mshambuliaji, hayako kwenye pembe ya kioo, kwahiyo gumba liko kwenye kile chumba cha giza mechi nzima. Linahama taratibu, na hakuna kitu cha kulirudisha.

Watengenezaji wa vifaa walilijua hili zamani. Shika kitochi chochote, papasa namba 5 utakuta kinundu kidogo, na waliocheza ile gemu ya nyoka, ambayo Taneli Armanto aliiandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, walikuwa wanageuza nyoka kwa 2, 4, 6 na 8 bila kuangalia chini hata mara moja, vidole vinazunguka kile kinundu. Ile batani ya kuelekeza yenye umbo la msalaba iliyoko kwenye pedi nayo Gunpei Yokoi wa Nintendo aliiweka mwaka 1982 kwenye kimashine cha gemu cha Game & Watch ya Donkey Kong, gumba linajua juu na chini kwa kugusa tu.

Ukishaelewa hivyo, kuchagua gemu ya simu ya tachi kunakuwa rahisi sana, jiulize tu gemu hiyo inakitaka kidole chako kijue nini. Angry Birds ya 2009 inakutaka uvute manati unayoiona, Fruit Ninja ya 2010 inakutaka ukate tunda lenyewe, macho na kidole vipo sehemu moja kwahiyo hakuna giza. Temple Run ya 2011 na Subway Surfers ya 2012 zilikwenda mbali zaidi, zinasoma umepangusa kuelekea wapi, hazijali umepangusa sehemu gani, na mwelekeo haukosewi kirahisi hata gumba likihama nusu ya kioo. Nyingine zimekifanya kioo kizima kuwa batani moja, kama Alto's Odyssey na Super Mario Run, huwezi kuikosa batani yenye ukubwa wa simu.

Zipo ambazo zamani ungesema haziwezekani bila pedi. Vampire Survivors iliingia kwenye simu Desemba 2022, maadui wamejaa kila kona lakini silaha zinajipiga zenyewe, wewe kazi yako ni kutembea kwa kidole kimoja tu. Archero ya 2019 ina ujanja wake, ukitembea hupigi, ukiachia kioo mtu wako anaanza kupiga mwenyewe, yani hata kuondoa kidole ni agizo. Brawl Stars inaweka joistiki (kile kiduara cha kutembezea) pale pale kidole kilipotua badala ya kukulazimisha uifuate, ule mchoro wa swichi unakufuata wewe, na kwangu huu ndo ubunifu ambao kila gemu yenye joistiki ilitakiwa iige.

Upande wa kutuliza akili simu inashinda hata kompyuta. Ludo King, drafti, bao, chesi ya Lichess ambayo ni bure na haina matangazo, zote unagusa kete unayoiona na hakuna anayekukimbiza. Slay the Spire na Balatro, iliyofika kwenye simu Septemba 2024, ni karata, na karata imezaliwa kushikwa kwa kidole. Mini Metro unachora njia za treni kwa kidole kati ya stesheni na stesheni, na ndugu yake Mini Motorways, unayochora barabara, ina ramani ya Dar es Salaam kabisa, iko Apple Arcade, huduma ya gemu ya kulipia ya Apple, tangu 2019 na Nintendo Switch tangu 2022. Ile ya Dar mtu wa Dar aicheze, msongamano unaujenga mwenyewe halafu unatafuta pa kuupitisha.

Kuna pingamizi la haki hapa. Vijana wa PUBG Mobile na Free Fire, gemu za kufyatuliana risasi, wanacheza na batani za kuchorwa na wanapiga watu vibaya sana. Ni kweli, ila angalia wanachofanya. Wengi wameacha kucheza na magumba mawili, wanashika simu kama kaa, vidole vya shahada vinashuka kwa juu kufyatua ili magumba yabaki na kazi moja moja, batani wamezihamisha na kuzikuza, wengine wanalenga kwa kuinamisha simu yenyewe na wanavaa vile visoksi vya vidole vyenye nyuzi zinazopitisha umeme ili jasho lisivuruge. Inawezekana, ila wamefika hapo kwa mazoezi mengi, na gemu zenyewe zimewaruhusu kupanga batani watakavyo. Gemu isiyokuruhusu kuhamisha batani usiipe muda wako.

Gemu za kuruka na kupigana kwa haraka kama Dead Cells, toleo la simu lina namna ya kujipigia yenyewe adui akiwa karibu na inasaidia, lakini utamu wake kamili uko kwenye batani za kweli, Switch au Steam Deck ya 2022, mashine za gemu za mkononi ambazo zina kioo cha tachi na batani pamoja. Huna hela ya hizo, pedi ya PS4 inaingia kwenye Android kwa bluutuu, shikilia batani ya SHARE na ya PS mpaka taa ianze kumulikamulika, kuanzia Android 10 inakubali vizuri.

Anayebaki na PES kwenye kioo aanze kwa kujiona anavyokosea. Nenda kwenye taarifa za simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, yatafunguka machaguo ya wasanidi, humo washa kuonyesha miguso, halafu cheza mechi moja ukimwambia mtu aangalie vile vidoti vinatua wapi. Baadaye ingia PPSSPP kwenye mpangilio wa batani, sogeza mraba pale vidoti vilipokuwa vinatua, uukuze, utenganishe na msalaba, na chagua joistiki ijiweke katikati pale unapogusa kwanza. Kama unataka batani mbili kwa gumba moja tengeneza batani ya ziada inayobeba zote mbili. Na kama kioo kinajibonyeza chenyewe ukiwa umechomeka chaji, usikimbilie kusema ni virusi, chaja mbovu inaingiza kelele za umeme kwenye ule wavu na chipu inaziona kama vidole, chomoa uone kama kitatulia.