Ni jani lililoponya, au ngozi yenyewe?

Mtu akiungua, hakosi wa kumwambia apake utomvu wa mshubiri, maana "fulani alipaka akapona". Kupona alipona, sibishi. Ila kidonda cha moto kisichoingia ndani sana kwa kawaida hufunga chenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3, umepaka kitu au hukupaka.

Ndiyo maana watafiti hawaridhiki na ushuhuda. Panya waliopewa nusukaputi huunguzwa kwa kiasi kilekile, kisha hugawanywa makundi. Wapo wasiopakwa kitu, wapo wanaopakwa marhamu tupu isiyo na dawa, wengine krimu ya silva salfadiazini inayotumika hospitalini, na wengine marhamu iliyotiwa dondoo la mmea, yaani viambato vilivyotolewa kwenye mmea huo. Kundi la marhamu tupu ndilo linaloumbua dawa nyingi, kwa sababu kidonda kikitunzwa unyevu tu, tayari kimesaidika. Eneo la kidonda hupimwa kila baada ya siku chache, na kipande cha ngozi hutazamwa kwa hadubini.

Hata dondoo likishinda, bado. Ngozi ya panya hufunga zaidi kwa kujivuta, yetu hutegemea zaidi kuota seli mpya. Tena dondoo la maabara si jani lililotwangwa, ambalo huweza kubeba vijidudu na udongo hadi kwenye nyama mbichi.

Aliyeungua sasa hivi anahitaji kwanza maji ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida na si barafu, kwa dakika 20.