Dakika Chache Juu ya Unguja

Katika semina za uinjilisti mfano wa setilaiti hautukauki mdomoni: inazunguka juu, inarusha matangazo kila pembe, basi na Mkristo aitangaze Injili vivyo hivyo. Mfano si mbaya. Ila wengi tunapousema tunafikiria setilaiti ya televisheni, ile inayolengwa na madishi ya mitaa ya Ng'ambo hapa mjini Unguja. Hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inakwenda sambamba na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo huonekana imetulia palepale, ikisema usiku na mchana bila kumsikia anayeitazama. Mhubiri wa namna hiyo tunamjua, na kipaza sauti chake tunakijua.

Mimi napenda mfano wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani hapahapa Unguja. Kiliondolewa 1964, baada ya Mapinduzi. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn aliizunguka dunia mara 3, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, kila mzunguko ukichukua chini ya dakika 90. Kwa kasi hiyo, tena akiwa chini kiasi cha kufichwa upesi na mviringo wa dunia, kituo kimoja kilimpata kwa dakika chache tu. Kano, Nigeria, ikimpoteza, Zanzibar inampokea. Zanzibar ikimpoteza, inashika meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, kisha Australia. Hakuna kituo kilichokuwa naye safari nzima, wala hakikutakiwa. Setilaiti za intaneti za siku hizi, zilizo kama kilomita 550 juu, nazo hupokezana hivyohivyo.

Ushuhuda wa imani huku kwetu uko hivyo. Jirani Mwislamu anakuuliza, mnasubiri daladala Darajani, nyinyi mnafunga vipi Kwaresima, au Utatu maana yake nini. Una dakika chache. Sema kwa adabu kile ulichokipokea, usichanganye na cha kubuni, na gari likija mwache apande. Atakutana na mwingine. Wanaotaka kumaliza yote palepale ndio wanaogeuza swali kuwa ubishi, na katika visiwa ambavyo karibu wote ni Waislamu, na msiba wa nyumba moja ni wa mtaa mzima, ubishi huo humfuata hata asiyekuwapo.

Hata Maandiko yetu yalipokezanwa hivyo. Askofu Edward Steere, Mwanglikana, alifanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, na kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa chini ya usimamizi wake. Alifariki 1882. Biblia nzima ilikamilishwa na wengine.

Kwa hiyo katika semina zetu tumeacha kuuliza kila mtu amewaleta wangapi. Tunauliza: aliyekuuliza swali, ulimwelekeza kwa nani baada yako, na yeye mwenyewe alitaka?